Messy Church hapa Uingereza: kwa wenye watoto wanaouliza kama inafaa kwenda

Nimeulizwa na kina mama wengi tunaoishi huku kuhusu hizi Messy Church, kwamba ni kanisa kweli au ni michezo ya watoto tu, na je mtu aliyekulia kwenye kanisa la nyumbani akienda atatoka anajisikia ameabudu. Basi naandika kwa urefu kidogo maana sisi kama familia tunakwenda kwa muda sasa, na tumeshaingia zaidi ya kanisa moja, tumeona nzuri na tumeona isiyo nzuri. Jibu langu ni nendeni, mimi naipa nyota 4 kati ya 5, ila mzazi usiende na mawazo ya kumkabidhi mtoto kwa walimu halafu wewe ukae nyuma na simu, maana ukifanya hivyo utakuwa umekosa kitu chenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kusikia, hii kitu ilianza 2004 kwenye kanisa moja la Kianglikana linaitwa St Wilfrid's, huko Cowplain karibu na Portsmouth. Mama mmoja, Lucy Moore, na wenzake waliona kanisa lao lina ukumbi mzuri, lina watu wenye mikono ya ufundi, lakini watoto wa mtaa ule hawaonekani. Wangeweza kuanzisha kipindi kingine cha watoto peke yao kama makanisa mengi yanavyofanya, wao wakasema hapana, tuwaite wote, mtoto na mtu wake mzima, baada ya saa za shule, wafanye mambo kwa mikono, wamsikie Mungu, wale pamoja. Ikaja ikabebwa na BRF, lile shirika la Kikristo lililoanza 1922 kule Brixton London kwa ajili ya kuwasaidia watu kusoma Biblia, ikasambaa kwa Wamethodisti, Wabaptisti, Jeshi la Wokovu, ikavuka mpaka Australia, Kanada, Afrika Kusini na kwingine. Kwa hiyo usiogope kwamba ni dhehebu jipya, sio dhehebu, mwenye kanisa ni yule yule unayemjua hapo mtaani kwako, Waanglikana watabaki Waanglikana na Wamethodisti watabaki Wamethodisti.

Utaratibu wenyewe kila mahali unafanana. Nyingi ni mara moja kwa mwezi, zingine Jumamosi, zingine Jumapili saa kumi jioni, zingine siku ya katikati ya wiki watoto wakitoka shule, na ni kama masaa mawili yote. Ukifika unapokelewa mlangoni, unaandikisha majina, kila mtu anabandikwa stika ya jina, hata baba, hata bibi aliyekuja kusalimia kutoka Dodoma. Mnapewa chai na biskuti, alafu karibu saa zima ni la meza. Ukumbi umejaa meza, kila meza ina shughuli yake na zote zinatoka kwenye habari moja ya Biblia ya siku hiyo, gundi, rangi, udongo, maji, unga, misumari na nyundo, mnazunguka mnavyotaka. Baada ya hapo mnaingia kanisani au mnakaa hapo hapo chini, dakika 15 au 20 hivi, hadithi inasimuliwa, mnaimba, mnaomba, mwisho mnasema neema. Na ile neema yao ina vitendo, mnakinga mikono kama mnapokea zawadi mkitaja neema ya Bwana Yesu, mnaiweka kifuani mkitaja upendo wa Mungu, mnashikana mikono mkitaja ushirika wa Roho Mtakatifu, kisha Amina mnainua mikono yote juu kwa pamoja. Watoto wangu wanaidai hii hata nyumbani kabla ya kulala. Halafu mnakula, mezani, chakula kamili.

Sasa niwaeleze siku moja ili muone ninachosema. Mada ilikuwa Yesu kutuliza dhoruba, Marko 4. Kwenye meza moja walikuwa wameweka beseni kubwa la maji na karatasi za foili, zile za jikoni, unatakiwa utengeneze mashua alafu uijaze sarafu za peni moja moja uone itabeba ngapi kabla ya kuzama, huku wengine wanapuliza maji na mirija kutengeneza mawimbi. Mume wangu anafanya shifti za usiku hospitali, siku hiyo alikuja macho mekundu ya usingizi, nilijua atatafuta kiti. Kijana wetu wa miaka sita akamvuta mpaka kwenye beseni. Mashua ya kwanza ikazama na sarafu chache tu, ya pili wakaikunja kingo juu zaidi, ya tatu baba mtu akapiga magoti chini na suruali yake ya kazini, akawa anamfundisha jinsi ya kupanga sarafu zisiende upande mmoja, kama wavuvi wanavyopanga mzigo. Pembeni kuna mzee mmoja wa Kiingereza, mjitoleaji, nywele nyeupe kabisa, yeye kazi yake ilikuwa kukausha sakafu na taulo na kuuliza maswali. Akamuuliza mtoto, hivi ungekuwa kwenye hii mashua ungeogopa? Mtoto hakumjibu yule mzee, akamgeukia baba yake akamuuliza kwa Kiingereza kwa nini Yesu alikuwa amelala wakati wenzake wanazama. Baba akamjibu kwa Kiswahili, akamwambia alikuwa kwenye shetri, amelala juu ya mto, kwa sababu amechoka kazi ya kutwa nzima na kwa sababu anamjua Baba yake. Mtoto akanyamaza akaendelea kupuliza na mrija. Mimi nilikuwa meza ya jirani na mdogo wake tunapaka rangi upinde wa mvua, nimesikia yote.

Hiyo ndiyo sababu naisifia. Sisi nyumbani tumelelewa watoto wanatolewa kabla ya mahubiri, mnaenda chini ya mwembe na mwalimu wa Sande skuli, mnaimba pambio, mnakariri mistari, na ilitufaa sana, mimi mistari yangu mingi niliyonayo kichwani ni ya wakati ule. Lakini kule mtoto alikuwa anarudi nyumbani kwenye nyumba iliyojaa watu, shangazi anaimba tenzi jikoni, bibi anasali alfajiri kwa sauti, imani anaiona kila siku kwa wakubwa. Huku mtoto wako anaona nani? Anakuona wewe umerudi kazini umechoka, mnakula mbio, mnalala. Kanisani Jumapili anapelekwa chumba chake, wewe unabaki chumba chako, mkirudi unamuuliza mmejifunza nini anasema tumepaka rangi. Yaani mnaabudu siku moja, jengo moja, na hamjawahi kuongea habari za Mungu. Kwenye meza ya Messy Church mnalazimika kuongea kwa sababu mikono yenu yote iko kwenye kitu kimoja, na mtoto akiwa anafanya kitu kwa mikono maswali yanamtoka yenyewe bila kumwuliza. Na hakuna anayekukataza kuongea Kiswahili na mwanao pale mezani, sisi tunaongea, na wenzetu wanafurahi, kuna mama wa Kipolandi anaongea Kipolandi na binti yake na maisha yanaendelea.

Na kuna kingine ambacho sikukitegemea. Mimi nimekulia Moravian, kwetu Tukuyu, na wa huko mnajua Wamoravian walifika Rungwe 1891 na kanisa likasambaa Mbeya yote. Basi Desemba tukakuta meza zote zimejaa machungwa. Wanaiita Christingle. Kila mtoto anachukua chungwa, hiyo ni dunia, anafunga utepe mwekundu katikati, hiyo ni damu ya Yesu, anachomeka vijiti vinne vyenye zabibu kavu na pipi, hayo ni majira manne na matunda ya nchi, alafu juu anachimba kidogo anasimamisha mshumaa, huyo ni Yesu nuru ya ulimwengu. Mchungaji, mwanamama, akawa anaeleza kwamba haya mambo yalianzia kwa Wamoravian huko Marienborn Ujerumani, Krismasi ya 1747, askofu akawapa watoto kila mmoja mshumaa wenye utepe mwekundu, na kwamba kwenye makanisa ya Kianglikana hapa Uingereza ilienea baada ya shirika la The Children's Society kuanza kuifanya 1968, ibada ya kwanza ikiwa kanisa kuu la Lincoln. Jamani nilisimama pale na chungwa mkononi nikawaambia watoto, hawa Wamoravian ni wa kwetu, hili kanisa ndilo lililombatiza babu yenu. Binti yangu mkubwa ambaye kila kitu cha nyumbani huwa anaona ni cha zamani aliomba nimpigie simu babu yake hapo hapo amwonyeshe chungwa. Babu alifurahi mno, akamwambia alishike wima nta isimmwagikie. Wale wenye asthma au nywele ndefu kuweni makini, mishumaa inawashwa mingi kwa pamoja na taa zinazimwa, watoto wadogo kabisa wanapewa vile vimwanga vya betri, nyie ombeni tu mtapewa.

Haya, mapungufu sasa, maana yapo. Sio kila kanisa linaloweka bango la Messy Church linaifanya vizuri. Kuna sehemu moja tulienda (siitaji) tukakuta vitu vyote vimeshakatwa tayari, mtoto kazi yake ni kubandika macho ya plastiki kwenye kipepeo wa karatasi, na habari ya siku hiyo ilikuwa Musa na bahari ya Shamu, kipepeo anaingiaje hapo sikuelewa mpaka natoka. Wazazi tumesimama nyuma ya viti kama tunasubiri kinyozi amalize, wajitoleaji ndio wanaongea na watoto wetu, sisi hakuna aliyetuuliza neno. Hadithi ikasomwa kwenye karatasi haraka haraka, tukapewa sandwichi ndani ya mfuko tukale nyumbani. Hapana. Miongozo yao wenyewe inasema mambo matano, Kristo awe katikati, rika zote zikae pamoja, ubunifu, ukarimu, na sherehe, ukiondoa hata moja kinachobaki ni kipindi cha gundi. Kwa hiyo mkienda mara ya kwanza angalieni vitu viwili tu, je meza zina uhusiano na hadithi, na je kuna kiti cha mtu mzima kwenye kila meza. Kama hakuna viti vya wakubwa tafuteni kanisa jingine, msihukumu zote kwa hiyo moja.

Watoto wakubwa nao ni shida. Kuanzia miaka 11 na kuendelea wengi wanaona ni ya watoto wadogo, na wana haki yao, meza nyingi zimepangwa kwa wa shule ya msingi. Binti yangu alikuja mara ya kwanza amevaa hedifoni na hakuzivua. Kilichomwokoa ni yule mchungaji kumwomba asimamie meza, akapewa meza ya mbao na misumari, na kwa kuwa ni nyundo ilibidi mtu aliye makini akae hapo. Tangu siku hiyo anakuja mapema kupanga vitu, amejifunza kusimulia habari ya siku kwa mtoto wa miaka minne kwa sentensi tano, na hilo wakubwa wengi hatuliwezi. Kama una kijana wa umri huo ongea na viongozi kabla, waambie ungependa apewe kazi, usisubiri wao wamwone.

Chakula. Nisiwadanganye, ni viazi vya kuokwa na maharage ya kopo na jibini, au tambi na sosi ya nyanya, au soseji. Hakuna pilipili, chumvi ya kuhesabu. Lakini ni cha moto, kinatosha, mnakaa meza moja na watu msiowajua, na hakuna anayewaharakisha kuondoka. Nchi ambayo mnaweza kukaa nyumba ya jirani miaka mingi msijue anaitwa nani, kukalishwa mezani na kuulizwa wiki yako imekwendaje sio kitu kidogo, kuna mama pale mlezi wa peke yake aliniambia ndicho chakula pekee kwa mwezi anachokula huku mtu mwingine akiosha vyombo. Niliongea na wa jikoni nikaomba tupike sisi siku moja, wakakubali mara moja, ila jiandaeni kuandika karatasi ya viungo vyote, wako makini sana na aleji, kuna orodha ya vitu 14 ambavyo sheria ya hapa inataka wauza chakula wavitaje na wao wanaifuata, mpaka figili (celery) iliyojificha kwenye kiungo cha supu wanaiuliza. Tulipika pilau ya kuku na kachumbari, watoto wa Kiingereza waliokota mdalasini wakauliza kama ni kipande cha mti, tukawaambia ndiyo, sufuria lilirudi jeupe.

Kuhusu kama ni kanisa kamili. Wao wanasema wazi kwamba Messy Church ni kanisa lenyewe, sio daraja la kukupeleka kwenye ibada ya Jumapili asubuhi, na kwa familia nyingi pale ndiyo ibada pekee waliyonayo. Nawaelewa na nimeona watu ambao hawakuwahi kukanyaga kanisani wakianza kuomba pale. Lakini kwa upande wangu mara moja kwa mwezi haitoshi, na mahubiri ya dakika kumi hayajazi mtu mzima aliyezoea neno lifunguliwe likafunguka, na meza ya Bwana mara nyingi haipo. Sisi tumebaki na ushirika wetu wa Waswahili Jumapili nyingine, tunaimba, tunakesha ikibidi, na ile siku ya mwezi tunakwenda Messy Church kama familia. Vinasaidiana. Kilichobadilika ni kwamba sasa mume wangu anapouliza watoto swali la Biblia wakiwa kwenye gari wanajibu na wao wanamuuliza, zamani ilikuwa kama mtihani.

Kuna rafiki yangu mwalimu wa Sande skuli huko nyumbani aliniuliza kama inaweza kufanyika kwao. Nadhani inaweza na wala hamhitaji hizi pambo za kung'aa zinazonunuliwa dukani, udongo wa mfinyanzi upo, majani ya migomba yapo, mabua yapo, na mafundi mmejaza kanisa. Hata huku wana mtindo wa kuifanya nje kabisa, porini na bustanini. Kazi itakuwa kumpata baba akae chini na mtoto wake badala ya kusimama nje anaongea na wenzake, na chakula, maana mtaani ukisikika mnalisha bure mtapokea watoto wa kata nzima bila wazazi wao, kwa hiyo muanze na kidogo, uji na viazi vitamu, na mseme mapema kila mtoto aje na mkubwa mmoja, hata kama ni dada au jirani.

Mambo ya kujua kabla hamjaenda. Ni bure, kuna kikapu cha sadaka mlangoni na siku hizi kimashine cha kadi, hakuna anayekuangalia umetoa au hujatoa. Mtoto ni wako muda wote, hutakiwi kumwacha ukaenda kununua vitu, wajitoleaji wao wamefanyiwa ukaguzi wa kufanya kazi na watoto lakini jukumu linabaki kwa mzazi. Watakuuliza kama unaruhusu mtoto apigwe picha, kama hutaki sema hapana, wanaheshimu. Fikeni mwanzoni kabisa sio katikati kama tulivyozoea, maana saa la meza likiisha linaisha na mtoto atalia. Vaeni nguo za kuchafuka, aproni zipo lakini huwa hazitoshi na ile rangi inatoka kwenye ngozi haitoki kwenye sweta la shule. Kwenye tovuti yao kuna ramani, unaandika mji wako unaona makanisa yaliyo karibu, ila pigia simu kanisa kwanza kuhakikisha tarehe, wengine Agosti wanafunga. Ya kwetu inayofuata ni ya mavuno, Septemba, na wameshaniomba ile pilau tena, kwa hiyo mwenye sufuria kubwa kuliko langu maeneo ya Reading anitafute.